Maandishi yanapohama kwenye karatasi: jinsi ya kunyoosha orodha na barua zetu kabla ya kuzigawa



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo wengi huliona kuwa la mafundi tu. Orodha au barua imepangwa vizuri kwenye kioo cha kompyuta. Inapotoka kwenye printa, yaani mashini ya kuchapa, majina yamehama, namba zimeshuka, au upande mmoja umekatika. Tumeona ni vema kulieleza hapa, katika karatasi inayozungumza juu ya amani, kwa sababu jambo hili huanzia kwenye mashini na mara nyingine humalizikia katika ugomvi wa watu.

Mtu aliyekimbia usiku huacha mengi nyuma: kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya shamba. Kule anakofika, jina lake kwenye orodha ndilo linalomtambulisha. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, zilizotolewa mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 20 kwamba wakuu wa serikali wawape watu hao hati wanazohitaji ili watumie haki zao. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009, katika kifungu cha 13, unazitaka nchi ziweke daftari la wakimbizi wa ndani na kulisahihisha kila mara. Kwa hiyo orodha si karatasi ya kupita. Ikipinda, haki ya mtu imepinda pamoja nayo.

Namba inapokaa mbele ya jina la jirani

Tuchukue mfano. Mwandishi wa kambi ameandika orodha ya wakuu wa familia. Upande wa kushoto ameweka jina na kijiji cha asili, upande wa kulia hesabu ya watu wa nyumbani. Ili kupata pande hizo mbili, aliigawa karatasi kama gazeti: akaandika majina yote kwenda chini, kisha akaandika namba zote kwenda chini. Kwenye kioo kila namba imekaa mbele ya jina lake. Familia ya 15 ina watu 9, ya 16 ina watu 3, ya 17 ina watu 6.

Sasa anachapa kwenye printa nyingine. Herufi zimekuwa pana kidogo, na jina la kijiji cha mtu wa 14 halienei tena kwenye mstari wake. Linavunjika na kushuka mstari wa pili. Majina yote yanayofuata yanasukumwa chini kwa mstari mmoja, lakini namba za upande wa kulia hazikusukumwa na kitu chochote, zimebaki pale pale. Familia ya 15 sasa imekaa mbele ya 3. Familia ya 16 imekaa mbele ya 6. Mama mwenye watoto wengi anapewa chakula cha watu watatu, na jirani yake anabeba mara mbili ya sehemu yake, na wote wawili wanaangalia karatasi ileile yenye muhuri.

Jambo baya zaidi ni kwamba jumla iliyoandikwa chini haikubadilika. Ukijumlisha namba zote unapata hesabu ileile ya mwanzo. Kiongozi anayehakikisha kwa kutazama jumla tu ataona kila kitu ni sawa, naye atasema kwa moyo safi kwamba orodha haina kosa. Ndipo maneno yanapoanza: mwandishi ni wa kabila fulani, ametoa kwa hawa na kuwapa wale. Tunasema wazi kwamba wizi wa orodha upo, na watu wana haki ya kuuliza. Lakini karatasi iliyopinda si ushahidi wa wizi, na kuna njia ya kutambua tofauti.

Dalili zenyewe hubaki kwenye karatasi. Katika mfano wetu, yule mtu wa 14 anaonekana kuwa na namba mbili, moja mbele ya jina lake na nyingine mbele ya kipande cha kijiji kilichoshuka. Na jina la mwisho kabisa halina namba. Mtu anayeiba hana sababu ya kuacha alama za namna hiyo, mashini ndiyo inayoziacha.

Kwanza tazama karatasi, kisha kompyuta

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi iliyotoka vibaya na rula. Karatasi yenyewe itakuambia kosa liko upande gani.

Ikiwa mistari yote imeinama pamoja kuelekea upande mmoja, kana kwamba ukurasa mzima umegeuzwa kidogo, basi maandishi hayana kosa. Karatasi iliingia kwenye printa ikiwa imepinda. Fungua trei: kuna vibao viwili vidogo vya pembeni vinavyoshika rundo la karatasi. Visogeze mpaka viguse karatasi bila kuibana. Usijaze trei kupita alama yake. Na karatasi zilizokaa mahali penye unyevunyevu, kama inavyotokea kwetu katika miezi ya mvua, hujikunja na kushikana. Zipepee kwa mkono, zigonge ukingo juu ya meza zinyooke, na rundo lililobaki lirudishwe ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ni kazi ya dakika moja, lakini tumeona watu wakifungua na kufunga programu nusu saa nzima, petroli ya jenereta ikiisha, kumbe kibao kimoja kilikuwa kimelegea.

Ikiwa mistari inayosimama, kama ile ya jedwali, inaonekana imevunjikavunjika au kila herufi ina kivuli chake, na printa yako ni ya wino wa maji, kichwa cha wino hakiko sawa. Printa nyingi za aina hiyo zina kazi ya kukirekebisha katika sehemu ya matunzo. Huchapa ukurasa wa majaribio na kukuongoza. Ifanye hasa baada ya kubadili kopo la wino.

Ikiwa kila mstari umenyooka peke yake, lakini namba hazikai chini ya namba na majina hayakai chini ya majina, basi kosa liko ndani ya maandishi yenyewe. Hapo ndipo tunahitaji kukaa kidogo.

Nafasi zilizopigwa kwa kidole

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mtu kupanga safu kwa kubonyeza kitufe kirefu cha nafasi mara nyingi, mpaka namba ionekane imefika mahali pake. Katika mashini za zamani za taipu njia hii ilifaa, kwa sababu kila herufi ilichukua upana uleule. Katika kompyuta sivyo. Katika aina za herufi tunazotumia siku zote, kama Times New Roman, herufi i ni nyembamba na M ni pana. Andika neno Lili, na chini yake andika Mama. Yote yana herufi nne, lakini hayafiki mahali pamoja. Ukiongeza nafasi kumi baada ya kila moja, namba zinazofuata hazitakaa chini kwa chini. Jicho kwenye kioo linaweza kudanganyika, kwa sababu kioo kina vidoa vichache kuliko karatasi na kompyuta hukadiria. Printa haikadirii namna hiyo, inaonyesha kosa lote.

Ili kujua kama orodha yako iliandikwa hivyo, katika Word bonyeza ile alama ya ¶ inayoonekana kati ya vitufe vya juu. Nukta ndogo katikati ya mstari ni nafasi, na mshale mdogo ni kitufe cha Tab. Ukiona nukta nyingi zimefuatana kama siafu, umepata ugonjwa. Alama hizo hazitoki kwenye karatasi.

Kitufe cha Tab ni bora kuliko nafasi, kwa sababu kinapeleka maandishi mpaka kwenye kituo kilichopimwa kwa sentimita. Lakini nacho kina mpaka wake: jina likiwa refu kuliko kituo, maandishi yanayofuata yanaruka mpaka kituo kingine, na mstari huo mmoja unatoka katika safu yake. Kwa barua yenye vitu vitatu au vinne vya kupanga, Tab inatosha. Kwa orodha ya watu, tunashauri jedwali, wala si kitu kingine.

Kwa nini jedwali? Kwa sababu katika jedwali jina na namba yake vimefungwa katika mstari mmoja. Jina likiwa refu, kisanduku kizima kinaongezeka kimo, na namba inashuka pamoja nacho. Yule mtu wa 14 angechukua mistari miwili, lakini 9 ya familia ya 15 ingebaki ya familia ya 15.

Na kama orodha yenye majina mia mbili imekwisha kuandikwa kwa nafasi, si lazima kuianza upya. Kwanza hifadhi nakala yake. Kisha pitia kwa macho: mahali palipoachwa wazi, kwa mfano mtu ambaye kijiji chake hakikujulikana, weka kistari, la sivyo safu zitaliana katika mstari huo. Halafu tumia kazi ya kutafuta na kubadili, ile inayoitwa «Remplacer» katika Word ya Kifaransa. Tafuta nafasi mbili zilizofuatana, weka badala yake ^t, ambayo ni alama ya Tab. Kisha tafuta ^t^t, weka ^t moja, na urudie mpaka kompyuta iseme haioni tena. Mwisho tafuta ^t ikifuatwa na nafasi moja, weka ^t. Sasa kila safu imetenganishwa na Tab moja tu. Chagua orodha yote, nenda «Insertion», kisha «Tableau», na uchague kugeuza maandishi kuwa jedwali. Pale palipokuwa na nafasi moja tu kati ya safu mbili, safu hizo zitabaki zimeshikana. Mistari hiyo utaiona mara moja, nayo itanyooshwa kwa mkono.

Jedwali lenyewe linahitaji mambo machache. Katika mali za jedwali, uzuie mstari kukatwa katikati ya kurasa mbili, kwa kuondoa alama kwenye «Autoriser le fractionnement des lignes sur plusieurs pages». Chagua mstari wa vichwa na uweke «Répéter les lignes d'en-tête», ili ukurasa wa pili na wa tatu uonyeshe tena ni safu ya nini. Karatasi ya tatu isiyo na vichwa hugeuka kitendawili mara inapotengana na wenzake. Kimo cha mistari kiachwe kiongezeke chenyewe. Ukikifunga kwa kipimo kamili, nusu ya chini ya jina refu itafichwa bila kukuonya. Namba ziegemee kulia, ili 8 ikae chini ya 0 ya 10 na si chini ya 1. Tena, kwa maoni yetu, hesabu ya watu ikae karibu na jina, si mwisho wa ukurasa baada ya kijiji, grupema na maelezo. Jicho linalosafiri sentimita kumi na tano gizani ndani ya hema hupotea hata kama mistari imenyooka.

Karatasi ya Marekani na karatasi yetu

Kuna ugonjwa mwingine unaowashangaza watu, kwa sababu maandishi yamepangwa vema na bado upande wa kulia unakatika au chini panabaki pengo. Mara nyingi sababu ni kipimo cha karatasi.

Huku kwetu, kama katika sehemu kubwa ya dunia, tunatumia A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Marekani na Kanada wanatumia karatasi inayoitwa Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Yetu ni nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Kompyuta iliyotoka huko kama msaada, au programu iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani, huanza na Letter bila kukuuliza. Ukichapa ukurasa huo kwenye A4, ama pembeni panakatika, ama mashini inapunguza maandishi ili yaenee, ama printa inasimama na taa inamulika ikisubiri karatasi ambayo hakuna duka linaloiuza mjini.

Tiba yake ni kusahihisha mahali pawili, na wengi husahihisha pamoja tu. Kwanza ndani ya maandishi: «Mise en page», kisha «Taille», uchague A4. Pili ndani ya printa: unapofungua dirisha la kuchapa, bonyeza mali za printa na hakikisha hapo pia pameandikwa A4. Kama maandishi yanasema A4 na printa inasema Letter, kosa litarudi.

Ili kujua kama mashini inapunguza maandishi bila kusema, chora ndani ya ukurasa mstari wa sentimita 10 kamili, uchape, na uupime kwa rula. Ukipata 9,7, maandishi ya Letter yamebanwa yaingie katika upana wa A4. Kwa barua hilo halina madhara makubwa. Kwa jetoni za mgao zinazokatwa kwa mkasi, au fomu ambamo mtu atajaza ndani ya visanduku vilivyokwisha kuchapwa, milimita tatu katika kila sentimita kumi zinatosha kuweka jina nje ya kisanduku chake.

Kuhusu pambizo, ile nafasi tupu ya pembeni: usizipunguze sana ili kubana karatasi. Printa nyingi haziwezi kuweka wino mpaka ukingoni kabisa, huacha milimita chache kila upande, na kilichoandikwa huko hakitoki. Tena orodha zetu hutolewa fotokopi, na fotokopi hutolewa fotokopi nyingine, na kila mara karatasi ikisogea kidogo kwenye kioo cha mashini ukingo hupungua. Acha sentimita 2 pande zote, na upande wa kutobolea au kubana acha 2,5.

Kuchapa kwa mashini ya mtu mwingine

Wengi wetu hatuna printa. Tunaandika mahali pamoja, tunaweka kwenye fleshi, tunapeleka mjini kwenye zile nyumba ndogo zilizoandikwa mlangoni Secrétariat public, au kwenye ofisi ya shirika. Safari hiyo fupi ndiyo inayoharibu maandishi mengi kuliko yote.

Word hupanga kurasa kwa kutazama pia printa iliyochaguliwa. Ukibadili printa, mahali mistari inapovunjika panaweza kubadilika, na ukurasa uliokuwa mmoja ukawa mmoja na mistari miwili. Na aina ya herufi uliyotumia huenda haipo kwenye kompyuta ya pili. Word ya 2003 ilianza na Times New Roman, ya 2007 ikaanza na Calibri, na matoleo mapya huanza na Aptos. Mashini ya zamani isiyo na Aptos haitakuambia kitu. Itachukua herufi nyingine yenye upana tofauti, na kila kitu kitasogea. Hapo ndipo kile kijiji cha mtu wa 14 kilipovunjika.

Wanaotumia LibreOffice wana afadhali kidogo. Inakuja na herufi za Liberation Serif, ambazo zilitengenezwa zikiwa na upana uleule wa Times New Roman, na Carlito yenye upana wa Calibri, kwa hiyo mistari haihami sana hata sura ya herufi ikibadilika. Lakini majedwali magumu bado yanaweza kusogea yanapopita kati ya programu hizo mbili.

Dawa tunayoiamini ni kugeuza maandishi kuwa PDF kwenye kompyuta ileile yalikoandikwa, kabla ya kutoka. Katika Word ya leo hufanywa kwa kuhifadhi na kuchagua PDF kama aina ya faili. Programu huru ya OpenOffice ilikuwa na kazi hiyo tangu 2003, na LibreOffice iliyotokana nayo inayo pia. PDF kwa kawaida hubeba herufi zake ndani na kurasa zilizokwisha kupangwa, kwa hiyo inatoka ilivyo. Jambo moja tu la kuangalia: anayekuchapia achague «Taille réelle», si «Ajuster», la sivyo maandishi yatapunguzwa au kukuzwa tena. Na faili ya Word uiweke kwenye fleshi pia, maana PDF hairekebishiki kwa urahisi endapo jina limekosewa.

Chapa ukurasa mmoja kwanza, ule wenye majina marefu, si ule wa kwanza wenye kichwa kizuri. Uutazame. Ndipo uagize zote.

Mapatano na sahihi zake

Orodha si karatasi pekee inayohama. Vijiji viwili vikiisha kukubaliana juu ya njia ya ng'ombe, au juu ya shamba lililokaliwa wakati wenyewe walipokimbia, mapatano huandikwa na kutiwa sahihi. Tunazungumza hapa juu ya makosa mawili ambayo yana uzito.

La kwanza ni sahihi kusukumwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Maandishi yameongezeka mistari miwili, na mahali pa kutia sahihi pameangukia kwenye karatasi isiyo na neno lolote la mapatano. Wazee wanaweka majina na vidole vyao kwenye karatasi karibu tupu. Kesho mtu anaweza kusema, na hana ubaya kusema, kwamba karatasi za mbele zilibadilishwa. Zuia jambo hilo kwa kuchagua kifungu cha mwisho pamoja na mstari wa tarehe na mahali, kisha katika mpangilio wa aya uweke «Paragraphes solidaires», ambayo inashika aya na ile inayoifuata ziende ukurasa mmoja. Usisukume maandishi kwa kubonyeza Entrée mara kumi. Mistari hiyo mitupu itahama na printa ijayo. Ukitaka ukurasa mpya, bonyeza Ctrl pamoja na Entrée. Na kila ukurasa uwe na namba yake na jumla ya kurasa, kwa mfano 2/3, na wenye kutia sahihi waweke alama zao fupi chini ya kila ukurasa.

La pili ni mapatano ya lugha mbili, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Wengi hutumia zile safu za gazeti tulizozitaja. Lakini Kiswahili na Kifaransa havichukui nafasi sawa, na kufikia ukurasa wa pili kifungu cha 4 cha Kiswahili kinatazamana na kifungu cha 5 cha Kifaransa. Msomaji wa lugha moja anaonyesha kidole mahali, mwenzake wa lugha ya pili anasoma neno jingine, na kila mmoja anadhani mwenzake anageuza maneno. Tumia jedwali la safu mbili, kila kifungu katika mstari wake, na ukitaka ondoa mistari ya kuchora isionekane. Kifungu cha 4 kitaanza sawasawa na cha 4 daima. Pia usinyooshe maandishi pande zote mbili katika safu nyembamba namna hiyo. Maneno ya Kiswahili ni marefu, programu itayatawanya, na nafasi pana katikati ya sentensi huonekana kana kwamba neno limefutwa. Hali hiyohiyo hutokea mtu anapovunja mstari kwa Maj na Entrée ndani ya aya iliyonyooshwa pande zote. Acha kulia kuwe na meno meno. Hakuna aibu.

Kwa kiongozi asiyegusa kompyuta

Baba au mama uliye katika kamati, huhitaji kujua Word ili kupima orodha kabla ya mgao. Omba karatasi jioni ya kuamkia siku hiyo, si asubuhi magari yakiwa yamefika. Hesabu kurasa. Weka rula chini ya jina la kwanza la kila ukurasa na usome mpaka mwisho wa mstari, halafu fanya vivyo hivyo kwa jina la mwisho. Jina lisilo na namba, au namba isiyo na jina, ni dalili ya kusimama. Kisha chagua familia tano unazozijua, zilizo katikati ya kurasa na si juu, na uulize nyumbani kwao wako wangapi. Usitosheke na jumla, tumekwisha kuona kwa nini.

Ukikuta kosa, mwite mwandishi na wajumbe wa pande zote mkae mbele ya karatasi moja, mwandishi aonyeshe faili kwenye kioo, na kila mtu aone mahali ambapo mstari ulivunjika. Ikiwa kwenye kioo namba ni sahihi na kwenye karatasi zimehama kwa mstari mmoja kuanzia jina fulani kwenda chini, ni mashini. Ikiwa hata kwenye kioo namba ya familia moja tu imebadilika huku za jirani zake zikiwa sawa, hilo si kosa la kuchapa, na kamati iliulize kwa njia yake.

Umeme ukikosekana na hakuna njia ya kuchapa upya, msibadili namba juu ya namba kwa biki. Chukueni rula, mchore mstari mwembamba kutoka kila jina mpaka namba yake halisi, na mjumbe wa kila upande atie sahihi pembeni ya ukurasa huo pamoja na tarehe. Orodha mpya ikipatikana, ile ya zamani isichanwe. Ipigwe mistari miwili inayokatana, iandikwe siku ilipoondolewa, na iwekwe nyuma ya mpya katika faili ileile.